Bustani ya lupango nayo ihesabiwe, na nyumba zisivunjwe wakati wa kupanda

KOLWEZI, Lualaba – Mwezi wa tisa unapoelekea mwisho, joto la Kolwezi linapanda na vumbi la malori linalala juu ya kila kitu: juu ya bati, juu ya nguo kwenye kamba, juu ya majani ya sombe. Kisha mwezi wa kumi unaleta mvua ya kwanza. Asubuhi yake, kuanzia Luilu mpaka Kapata, kuanzia Musonoie mpaka Manika, wamama wanatoka na lukasu. Udongo uliokuwa mgumu kama tofali umelegea kidogo. Majivu yaliyowekwa pembeni tangu kiangazi yanamwagwa, samadi ya mbuzi na ya kuku inachanganywa, matuta yanainuliwa. Watoto wanatumwa kutafuta mbegu za lenga-lenga kwa jirani na vipande vya mihogo kwa shangazi.

Kazi hii hakuna anayeiandika gazetini. Ni kazi ya kila mwaka, nayo ina mikosi yake. Mvua ya kwanza inadanganya: inanyesha siku mbili, mbegu zinaota, halafu mawingu yanakimbia kwa wiki mbili na miche inakauka yote. Mtu anapanda mara ya pili. Kuku wa jirani wanafukua. Mbuzi anapita penye tundu la uzio na kumaliza ngai-ngai kwa nusu saa. Mchwa wanakata mihogo kutoka chini. Viwavi jeshi, ambavyo vimeingia Kongo katika miaka hii ya karibuni, vinatoboa moyo wa mahindi kabla hayajafika kwenye goti. Mwenye bustani anavipambania vyote hivi kwa majivu, kwa mikono na kwa uvumilivu, na mwisho wa mwezi wa kumi na moja lenga-lenga inaingia sufuriani pamoja na bukari.

Lakini upo mkosi mmoja ambao majivu hayauwezi. Ni ule unaofika na karatasi ya kampuni, fundi wa kupima mwenye kamba, na siku chache za kuondoka. Huo ndio makala hii inaukataa, na hasa inakataa jinsi hesabu yake inavyofanywa. Mtu anayehamishwa kwa ajili ya mgodi anaulizwa nyumba yake ina vyumba vingapi, ukuta ni wa tofali gani, bati ni ngapi. Bustani, kama inaandikwa, inaandikwa mwisho, mstari mmoja, kwa bei ya majani yaliyoonekana siku ile. Kama fundi alipita mwezi wa nane, wakati hakuna kilichoota, basi bustani haikuwepo.

Huo si uhesabuji. Ni kuwanyang'anya watu chakula kwa kutumia kalamu.

Wale wanaosema bustani ni jambo dogo wamesahau historia ya mji huu. Kolwezi ilijengwa na Union Minière mwishoni mwa miaka ya 1930, na kampuni ile ilikuwa ikigawa chakula kwa wafanyakazi wake. Ndiyo maana mpaka leo watu wa Katanga wanaiita Jumamosi siku ya posho. Gécamines ilipochukua nafasi mwaka 1967 iliendelea na desturi ya kumlisha mfanyakazi na familia yake. Halafu mambo yaliharibika. Mwezi wa tisa mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilianguka chini ya ardhi. Uzalishaji ukaporomoka, mishahara ikachelewa kwa miezi, baadaye kwa miaka. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Ni nani aliyewalisha watu miaka ile? Ni wamama wenye lukasu. Lupango la nyumba ya kampuni, ambalo zamani lilikuwa la maua na kamba ya nguo, liligeuka shamba. Mahindi yalipandwa mpaka karibu na mlango. Mwembe mmoja ulilipa karo ya mtoto. Mwenye ofisi anayesema leo kwamba bustani si mali, huenda yeye mwenyewe alisoma kwa pesa za matembele.

Na hali ya leo haijabadilika sana kama watu wanavyodhani. Kolwezi inatoa shaba na kobalti kwa dunia nzima, lakini unga wa bukari yake, sehemu kubwa, unapanda lori upande wa Zambia na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame mkali uliipiga Zambia mpaka serikali yake ikatangaza janga la kitaifa mwezi wa pili. Kila wakati jirani anapokosa mahindi, mfuko wa unga unapanda bei Lualaba. Familia yenye matuta kumi ya mihogo na mahindi nyuma ya nyumba inaweza kungoja bei ishuke. Familia iliyopewa dolari na kuambiwa itafute pa kukaa haiwezi.

Sasa inafaa kuangalia kalenda, kwa sababu hapo ndipo udhalimu unapoonekana wazi. Mahindi hapa yanapandwa mwezi wa kumi na moja na kuvunwa mwezi wa nne. Familia ikiondolewa mwezi wa kumi na moja, inapoteza mavuno ya mwezi wa nne unaofuata. Inapita kiangazi bila gunia. Inapanda tena mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa pili, ikiwa imepata udongo, na inavuna mwezi wa nne baada ya hapo. Hiyo ni miezi 17 ya kununua kila punje. Familia hiyohiyo ikiondolewa mwezi wa tano, inaondoka na mahindi yake kwenye gunia, na inabaki na miezi mitano ya kusafisha lupango jipya, kuchimba kisima na kukusanya samadi kabla mvua haijaanguka. Nyumba ni ileile, ukuta ni uleule, fidia inaweza kuwa ileile. Kilichobadilika ni mwezi tu, na mwezi huo ni tofauti kati ya kula na kulala njaa.

Na bado, matukio yanayojulikana zaidi katika eneo hili yalifanyika katikati ya msimu wa mvua. Ripoti ya Amnesty International, iliyotolewa mwezi wa tisa 2023 pamoja na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi, inaeleza kwamba makazi ya Mukumbi, karibu na Mutoshi, yalichomwa moto na askari mwezi wa kumi na moja 2016. Kampuni yenye mgodi huo ilikana kuhusika. Ripoti hiyohiyo inaeleza habari za wakulima 21 wa karibu na kijiji cha Tshamundenda, ambao walisema kwamba mwezi wa pili 2020 askari, wengine wakiwa na mbwa, walilizingira eneo huku tingatinga zikilaza mazao yao. Kampuni iliyohusika ilijibu kwamba haina amri juu ya namna askari wanavyopangwa. Majibu hayo yana nafasi yake, na mahakama ndizo zenye kazi ya kuyapima. Lakini mwezi wa pili, mahindi yamebakiza wiki chache kukomaa. Hakuna haja ya kuwa mwanasheria kujua kulaza shamba wakati huo kunamaanisha nini.

Ndani ya mji wenyewe mambo yanakwenda polepole zaidi, lakini yanaelekea palepale. Site Gécamines, mtaa ambao ripoti hiyo inasema una wakaaji karibu 39,000, umeona mgodi wa wazi ukiukaribia tangu mwaka 2015. Kuta zimepasuka. Watu waliohamishwa waliwaeleza watafiti kwamba fidia haikutosha kununua nyumba iliyo sawa na ile waliyoiacha, na kwamba kutoka nyumba yenye maji na umeme walikwenda pembezoni mwa mji ambako vitu hivyo ni adimu. Penye maji adimu hakuna bustani ya kiangazi. Penye lupango dogo hakuna mahali pa mwembe. Watu hao walihamishwa mara mbili: nyumba mara ya kwanza, sufuria mara ya pili.

Hapa wakubwa hutoa sababu zao. Nyingine ni za maana, na zinastahili jibu.

Wanasema kwanza kwamba bustani iko ndani ya bei ya nyumba. Kama ni hivyo, waonyeshe mstari wake. Sheria ya Madini, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, haisemi habari za nyumba peke yake. Kifungu chake cha 281 kinasema kwamba ukaliaji wowote unaowanyima wenye haki matumizi ya udongo wao, na badiliko lolote linalofanya udongo usifae tena kulimwa, unamlazimu mwenye leseni kulipa fidia ya haki, kwa kipimo cha kodi ya upangaji au cha thamani ya udongo wakati ulipochukuliwa, na kuongeza nusu juu yake. Tena kulima kumetajwa kwa jina. Kwa hiyo kama udongo wa bustani umethaminiwa dolari 200, hesabu ya sheria haiishii 200, inafika 300. Kanuni za Madini za tarehe 8 Juni 2018 zina hata kiambatisho kizima, cha XVIII, juu ya kuhamisha, kulipa fidia na kuwapa watu makazi mapya. Karatasi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma mbele ya mama mwenye lukasu, kwa Kiswahili, kabla hajatia sahihi.

Wanasema pili kwamba watu ni wajanja, kwamba wakisikia mgodi unakuja wanapanda miti usiku ili wahesabiwe. Ni kweli, wapo. Mji wenye shida haukosi wajanja. Lakini dawa yake inajulikana: tarehe ya kuhesabu itangazwe wazi redioni na kwa wakuu wa mitaa, hesabu ifanyike mbele ya majirani, na kilichopandwa baada ya tarehe hiyo kisilipwe. Mwembe wa miaka kumi haufanani na mche wa jana usiku; mtoto yeyote wa Kolwezi anaweza kuutofautisha. Kumwadhibu mwenye bustani ya kweli kwa sababu ya mjanja mmoja ni kama kufunga soko lote kwa sababu ya mwizi wa nyanya.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Wanasema: udongo wa mji huu umejaa metali, mboga zake si salama, heri bustani hizo ziishe. Hapo hakuna budi kusema ukweli wote, hata ule usiopendeza kwa wenye bustani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Utafiti wao uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kobalti inaingia katika miili ya watu wa Katanga kupitia mboga zinazolimwa hapa na kupitia vumbi, na vumbi linawagusa watoto zaidi. Mwaka 2018 walitoa mwingine juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao, na walikuta watoto wa pale wana kobalti nyingi zaidi katika mkojo kuliko watoto wa mtaa wa jirani.

Kwa hiyo hoja hiyo si ya uongo. Ila inatumika kinyume. Mboga hazikujitia kobalti zenyewe. Vumbi lile lina barabara, lina malori, lina mashimo, lina wenye leseni. Kama udongo umeharibika mpaka haufai kulimwa, basi hilo ndilo jambo hasa ambalo kifungu cha 281 kinalitaja kuwa la kulipiwa. Mtu hawezi kuchafua bustani ya jirani halafu akaitumia takataka hiyo kama sababu ya kutoilipa. Na kama afya ya watu ndiyo inayowasumbua wakubwa kweli, wapime udongo na maji ya kila mahali wanapowapeleka watu waliohamishwa, na matokeo yasomwe redioni. Wamwage maji barabarani kiangazi. Wakati huohuo wenye bustani nao wana la kufanya: kuosha majani kwa maji safi mara mbili au tatu, kupanda mboga mbali na barabara ya malori, kuweka uzio wa miti ya kuzuia vumbi, na kutowaacha watoto wachanga wacheze katika udongo wa karibu na mahali panapooshwa mawe ya madini.

Sababu ya mwisho ni ile ya kila siku: mgodi unaleta kazi na kodi, bustani haileti kitu kwa serikali. Haya, na ihesabiwe hiyo kodi. Sheria ya 2018 inasema asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa mamlaka za chini, yaani miji, komini, sekta na maeneo ya kichifu ya pale mgodi ulipo. Inasema tena kwamba kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa na mradi. Kwa makampuni ya Lualaba, asilimia 0.3 si pesa za kuhesabu kwa vidole. Kama mgodi unaleta faida kubwa kuliko bustani, basi sehemu ndogo tu ya faida hiyo ingetosha kuchimba visima, kuleta samadi na mbegu, na kuwapa watu waliohamishwa udongo wa kulima. Anayejisifu kuwa tajiri hawezi kusema hana pesa za kulipa lenga-lenga.

Madai yenyewe, basi, ni machache na yanawezekana.

Nyumba na mashamba visivunjwe kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa nne. Gavana wa jimbo anaweza kuyasimamia haya kuanzia msimu huu. Mgodi uliongoja miaka kupata leseni unaweza kungoja mahindi yakomae.

Bustani ihesabiwe kivyake, kwa karatasi yake: matuta, aina ya mimea, miti na umri wake, kisima, uzio. Hesabu ifuate mwaka mzima, si siku moja ya kiangazi.

Lupango jipya liwe na maji na udongo unaolimika kabla mtu hajahama, si baada.

Udongo upimwe, na matokeo yajulikane.

Fomu ya fidia isomwe kwa lugha anayoielewa mwenye mali, na mama wa nyumba awepo. Mara nyingi sahihi inatiwa na baba, lakini anayejua matuta ni mangapi ni mama.

Wakati wakubwa wanafikiri, familia zilizo karibu na migodi zisikae mikono mitupu. Mvua hizi za kwanza ndizo wakati mzuri wa kuandika. Kila familia ihesabu matuta yake na kuandika kwenye daftari ya mtoto: yako mangapi, yana nini, yalipandwa lini. Miti iandikwe mmoja mmoja. Picha zipigwe kwa simu, moja sasa, moja mwezi wa kwanza mimea ikiwa imesimama, moja wakati wa mavuno. Majirani wawili watie sahihi kama mashahidi, na mkuu wa mtaa aombwe aweke muhuri. Nakala moja ibaki kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine, maana karatasi iliyo ndani ya nyumba inaanguka pamoja na nyumba. Na fomu yoyote ya fidia ambayo mstari wa bustani uko wazi, isitiwe sahihi mpaka mstari huo ujazwe.

Na kwa wale waliokwisha kuhamishwa, walio sasa pembezoni mwa mji kwenye udongo mwekundu wenye mawe, msimu nao umefika kwao. Wengi wameshaanza: ndoo iliyotobolewa yenye matembele, gunia la zamani la saruji lililojazwa udongo na majivu, tuta moja la mihogo kando ya ukuta. Watu hao hawangoji kuambiwa bustani ina thamani gani. Wanaojua kuhesabu tani za kobalti ndio ambao bado hawajajifunza.